Matembezi ya Mji Mkongwe: kamisheni ya dukani ifutwe au ibaki?

Mleta mada

Assalaam aleykum wakuu. Hili nalileta hapa kwa sababu barazani limeshatugombanisha vya kutosha na kahawa imetupoea.

Mnajua matembezi ya Mji Mkongwe, hapa Unguja, yanavyokwenda. Wageni wanakusanywa Forodhani au mbele ya Ngome Kongwe, wanasimuliwa habari za Seyyid Barghash, wanapelekwa Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa, wanatiwa Darajani wanuse karafuu na wazibe pua kwenye samaki. Kisha wanarudishwa kupitia mitaa ya maduka ya Hurumzi na Gizenga "kuona kazi za mikono". Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Ukiifuata ile njia siku mbili tatu utagundua kuwa kinachoamua wapi pa kuingia na wapi pa kupita ni kamisheni. Duka linalotoa linaingiwa. Lisilotoa linapitwa kwa mwendo wa haraka: "Hapa hamna kitu, twendeni mbele."

Kwa asiyeujua utaratibu: mtembezaji anaingia na wageni wake, anasalimiana na mwenye duka, halafu anajitenga pembeni na simu yake kama vile hayamhusu. Mgeni akinunua, inaandikwa kwenye daftari. Jioni mtembezaji anapita peke yake kuchukua chake. Bei aliyotajiwa mgeni ilishatiwa fungu hilo kabla hajafungua mdomo, ndiyo maana mtu yuleyule akirudi kesho bila mwenyeji, sanduku lilelile la misumari ya shaba linakuwa limeshuka bei.

Hoja yangu: kamisheni ya dukani ifutwe. Mtembezaji alipwe ujira kamili, mgeni aujue tangu mwanzo, na ndani ya ujira huo liwemo fungu la fundi ambaye wageni watapelekwa kwake kumuona akifanya kazi. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba, na wengi wao lazima wapite Mji Mkongwe japo kwa nusu siku. Wanatoka na nini? Na fundi anabaki na nini?

Wa kupinga, karibuni.

Mtembeza wageni, mwenye kitambulisho

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu mwenye mshahara.

Mimi nimesomea kazi hii, nina kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii na kila mwaka nakilipia. Matembezi yanauzwa hotelini au mtandaoni. Pesa inapita mikono mirefu, ikinifikia mimi, baada ya saa tatu za jua na maneno, imebaki ya nauli na chakula cha mchana. Kampuni inajua kuwa maduka yatanijazia, ndiyo maana hainiongezi. Sasa wewe futa kamisheni leo. Unadhani kesho kampuni itapandisha? Kazi itachukuliwa na papasi, yule mvizia wageni wa Shangani asiye na leseni, ambaye hata ukimfutia hana pa kufutiwa.

Na jengine. Mnazungumza kama kwamba mgeni analilia kumuona fundi. Mgeni analilia kivuli, maji baridi na kitu chepesi cha kutia begini. Nimeshamsimamisha mtu kwa mchongaji, nikaeleza mfaa ule wa katikati ya mlango, nikaeleza miimo ya ubavuni, nikaeleza kwa nini mlango wa Kihindi una upinde juu na wa Kiarabu umenyooka. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza nyumba ya Freddie Mercury iko wapi. Nusu ya kazi yangu skuzi hizi ni Freddie Mercury. Alizaliwa hapa Unguja 1946, hilo halina ubishi, ila nyumba zinazodaiwa kuwa zake zinazidi kuzaana.

Mwenye duka, Gizenga

Mnanisema mie, basi nami niseme. Kodi ya duka hailipwi kwa historia. Mgeni anayekuja peke yake anakuja na hofu, papasi wameshamvuta shati tangu bandarini. Anayekuja na mtembezaji anakuja na imani. Imani ile nailipia, kama mwengine anavyolipia tangazo redioni. Mbona hoteli zikiwapa madereva kitu hakuna anayefungua mada?

Kuhusu bidhaa, naweka kinachonunuliwa.

Mpenda kazi za mikono

Hapo kwenye "naweka kinachonunuliwa" ndipo penye mzizi, bwana mkubwa, na bei ni tawi tu.

Hebu tutembee pamoja. Tunaingia duka la kwanza: picha za Tingatinga. Mtindo huo aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, wanafunzi na jamaa zake wakaueneza. Duka la pili: vinyago vya Kimakonde, asili yake kusini huko Mtwara na Msumbiji. La tatu: barakoa ambazo hakuna kabila la visiwa hivi lililowahi kuzivaa, na shanga za Kimaasai. Mgeni anaambiwa yote hayo ni "Zanzibar ya asili", naye hana namna ya kujua.

Sina ugomvi na Tingatinga. Na nikitaka kuwa mkweli, wale vijana wanaochora vichochoroni ndio mafundi pekee ambao mgeni anawaona wakifanya kazi kwa macho yake. Brashi iko mkononi, rangi ya mafuta iko kwenye kopo, twiga anaota shingo mbele ya watu. Wao angalau hawajifichi.

Lakini kazi za hapa hasa ziko wapi? Makawa ya kufunikia chakula na mikeka ya ukili vinasukwa mashamba na Pemba. Milango na masanduku yanachongwa bado, mengi kwa mfenesi, maana msaji wa Bara Hindi uliojengea nyumba za matajiri wa zamani si wa kushika bei yake tena. Na kofia ya vito? Chukueni moja muikaribie. Ina vipande viwili, cha juu cha duara na cha kuzunguka kichwa. Nakshi inachorwa kwanza kwenye kitambaa cheupe, kisha kila kitundu kinatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka ukingo wake uwe mgumu. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani. Iliyojaa kazi inachukua wiki kadhaa, na nyengine miezi. Sasa iweke juu ya meza ya duka pembeni ya kofia ya mashine kutoka ng'ambo, kisha mtembezaji aseme "zote sawa, chagua rangi". Hapo kamisheni imeshamaliza kazi yake, maana ya mashine ndiyo yenye faida nene ya kugawana.

Halafu hizi hadithi! Kila kundi linaambiwa kuwa misumari ya shaba mlangoni ni ya kuzuia tembo wa vita. India, huenda. Unguja tembo wa kupiga kichwa mlango wa mtu Kiponda alitokea wapi?

Mtembeza wageni, mwenye kitambulisho

Ya tembo nasema "kule Bara Hindi ilianzia hivyo, hapa ni pambo na ukubwa wa mwenye nyumba". Tusichanganywe wote.

Mkaazi wa Kiponda

Nyinyi mnagombania pesa, mie nagombania mlango wangu.

Mji huu UNESCO waliuandika kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, tukashangilia. Hatukuambiwa kuwa urithi ni pamoja na mama yangu anapoanika nguo. Ikitia nanga meli ya kitalii, kichochoro chetu kinajaa watu wamesimama, mmoja mbele ana kipaza sauti kiunoni. Ukitaka kupita na ndoo unaomba njia mbele ya nyumba yako mwenyewe. Barazani huwezi kukaa, maana umeshakuwa picha. Watoto wameshajifunza kuomba kalamu.

Sasa mleta mada anasema wageni wapelekwe kwa mafundi. Mafundi wako wapi? Wako majumbani, ndani ndani, kwenye vichochoro ambavyo mpaka leo vimesalimika. Gizenga pameshakuwa dukani, waache wabaki huko huko na kamisheni yao. Ukiwafungulia njia ya majumbani, hatutakuwa na pa kujistiri. Mie naunga mkono kamisheni, kwa sababu inawabakisha kwenye mitaa miwili tu.

Kutoka Mombasa

Sisi huku tumelipitia kwa namna yetu. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba tangu 1963. Mgeni anafikishwa kwenye vibanda, anawaona watu wameketi chini na mashoka madogo, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, halafu anaingia duka la ushirika lenyewe. Kazi ya kila mwanachama inajulikana ni ya nani, kwa hivyo hakuna kupotezana wakati wa malipo.

Lakini msinakili mkiwa mmefumba macho. Kule wachongaji wako mahali pamoja na wengi ni wanaume, ua ni la kazi, si la nyumba. Pia mjue kuwa soko likichangamka, miti inalipa. Miti ya mihugu ya pwani ilikatwa kwa ajili ya vinyago mpaka wachongaji wakahimizwa kuhamia mwarobaini na mwembe. Mkileta makundi yote kwenye milango na masanduku, ulizeni mifenesi ya kwenu itadumu miaka mingapi. Mti unazaa chakula ule.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Najibu kwa wale walionishika shati.

Mtembezaji: kufuta bila kupandisha ujira ni kumpa papasi kazi, hapo tuko pamoja. Basi pa kuanzia ni kwenye kampuni. Kampuni inayouza matembezi iwe na kima cha chini cha kumlipa mtembezaji, na kiwe sharti la kupata leseni yake. Nawe risiti ya mgeni ionyeshe umepata ngapi. Hicho ndicho kinachonikera kupita vyote: mgeni amelipa pesa nyingi, anaamini nyingi imekufikia wewe, na wewe unaishi kwa daftari la jioni.

Mwenye duka: tangazo la redioni kila mtu anajua ni tangazo. Wewe unanunua imani ya mgeni kwa mtu wa tatu, na mgeni mwenyewe hajui kuwa imeuzwa. Bandika karatasi mlangoni: "Bei hii ina fungu la aliyekuleta." Kama biashara haina aibu, karatasi haitakudhuru. Na kwenye kila kitu andika kimetoka wapi. Tingatinga, Dar es Salaam. Kinyago, Mtwara. Kofia, mashine. Nani atakuzuia kuuza?

Mkaazi wa Kiponda, wewe ndiye umenikosesha usingizi. Siwezi kukuambia uvumilie. Ila hiyo mitaa miwili unayoitegemea haitakuwa ukuta daima. Maduka yanasogea kila mwaka, nyumba zinageuzwa za wageni, na siku watakapofika kwako watafika bila sharti lolote. Mimi ningependa masharti yaandikwe kabla. Idadi ya watu katika kundi, saa za kupita, kipaza sauti marufuku. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, inasimamia mpaka rangi ya ukuta na mbao ya dirisha. Haishindwi na watu wanaotembea.

Mwenye duka, Gizenga

Karatasi nitabandika siku jirani yangu atakapobandika.

Binti wa mshona kofia

Mama kanisikiliza nikimsomea yote haya huku anashona, kaniambia andika, nami naandika anavyosema.

"Mtalii si mteja wangu mkubwa, mtu asinililie. Kofia zangu zinachukuliwa na mabwana harusi, zinachukuliwa Idi, na zinapelekwa Oman kwa watu wanaojua kuisoma kazi kwa kidole. Mtalii akinunua anaitundika ukutani. Haya, ni pesa yake. Anayenibana ni dalali. Anakuja mwezi wa Shaabani akijua nina haja, ananunua kwa bei ya haja yangu, na kofia ileile nikiiona Gizenga naitambua kwa mkono wangu, nashindwa hata kuigusa. Kwa hiyo mkiniletea mgeni mlangoni bila dalali, sikatai.

Lakini sharti zangu ni hizi. Waje baada ya alasiri, si asubuhi nikiwa jikoni. Wasizidi watano. Wanawake waingie ndani, wanaume wakae barazani na binti yangu mdogo awatolee kofia huko. Uso wangu usipigwe picha, mikono sawa. Wakinitazama nikishona wanilipe kwa kutazama, hata wasiponunua, kwa sababu macho ya watu yananichelewesha. Kofia bei yake moja, wa Zanzibar na wa Ulaya. Na mtembezaji akitaka chake, akichukue kwa aliyemtuma. Kwangu atapata chai."

Mama anauliza pia: Ramadhani mtakuwa mnaleta watu, au mwezi huo tunaachwa?

Mtembeza wageni, mwenye kitambulisho

Mwambie Bi Mkubwa Ramadhani sileti. Watano naweza, ila kampuni inanipa kumi na wawili kwa mkupuo. Saba wengine niwaweke wapi, niwaache kwa nani?

Mkaazi wa Kiponda

Si barazani kwangu.