Naombeni ushauri: tangi langu jipya la samaki limejaa mwani

KiooSafi: Wakuu, habari zenu. Nina tangi jipya la samaki, hata mwezi halijatimiza. Vioo vimeota utando wa kahawia na sasa maji yenyewe yanageuka kijani. Naombeni jina la dawa inayoua mwani haraka. Kila nikiamka hali imezidi.

MtuWaMaji: Pole mkuu. Huo wa kahawia usikutie hofu. Ni diatomu, mwani wadogo sana, hutokea sana kwenye matangi mapya, hutumia silika (madini kama ya mchanga) iliyomo majini. Silika ikipungua nao hupotea. Futa kwa sifongo. Kijani ndiyo habari nyingine. Tangi lita ngapi, samaki wangapi, taa inawaka kwa saa ngapi kwa siku?

KiooSafi: Lita 60. Samaki wachache tu, taa ya kawaida. Dawa ni ipi?

MamaGupi: Mie nilileta konokono ili wale mwani, wakazaana hadi nikawa nawachokonoa kwenye bomba la kichujio. Samaki ni viumbe mdogo wangu, si pambo la chumba. Tusome kwanza ndipo tufuge.

Mzee Ndoana: Mkishindwa kuwafuga, kikaango kipo.

MtuWaMaji: Mkuu, "wachache" ni wangapi?

KiooSafi: Samaki wa dhahabu sita. Taa haizimwi, tangi liko chumbani kwa mwanangu na anaogopa giza. Lipo dirishani, jua la asubuhi linalipiga, lakini ndipo panapopendeza, na likishajaa maji nani atalihamisha? Samaki niliwatia siku ileile, muuzaji alisema haina shida. Dawa nimeshanunua, nataka kipimo tu.

MtuWaMaji: Kumbe! Mwani unataka mwanga na chakula, nawe unaupa vyote usiku na mchana. Samaki wa dhahabu wanachafua maji sana. Taka zao hutoa amonia, sumu kwa samaki, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Nitrati ni mbolea ya mwani. Baadhi ya dawa za mwani zina shaba, inayoua konokono na kamba. Halafu mwani ukifa kwa mkupuo unaoza na kula oksijeni, samaki wanakosa pumzi. Taa iwake kwa saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Weka pazia. Badilisha robo ya maji kila wiki, ya bomba yaondolewe klorini kwanza. Kichujio kisuuze kwa maji ya tangi, la sivyo unaua bakteria wako. Na hao sita wamezidi lita 60.

Mdadisi: Hii chai. Tangi halijakomaa, samaki sita, na wote wazima? Huyu muuza dawa, subirini ataje chupa.

KiooSafi: Sijasema wote wazima. Wawili walikufa, nikaweka wengine kabla mtoto hajarudi kutoka shule. Mngefanyaje?

MamaGupi: Ningemwambia. Wangu alilia, akaniuliza maswali, tukazika pamoja.

Mdadisi: Hiyo ungeianza nayo, mleta mada. Nakuamini sasa.

MtuWaMaji: Vifo vile huenda ni amonia. Pima leo, ikionekana badilisha maji leo leo na punguza chakula. Mtoto mwekee taa ndogo ukutani.

KiooSafi: Pazia na taa ndogo sawa. Kupunguza samaki ni kazi, ameshawapa majina.

MtuWaMaji: Basi tafuta tangi kubwa. Na chupa usiifungue.