Kutoka Morogoro kwenda Dar: kazi ya 1,800,000 au ofisi ya ukaguzi ya 1,300,000?

Mizania_Moro
Wakuu habari za leo. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi ya uhasibu na wanaoijua Dar.

Shahada ya uhasibu ipo, CPA (mitihani ya uhasibu wa kitaaluma) imebaki ngazi ya mwisho. Mshahara wa sasa hapa Morogoro ni 1,200,000 kabla ya makato. Nina barua mbili, zote za Dar. Moja ni ya mhasibu kwenye kampuni ya usambazaji, ofisi ipo Posta, 1,800,000. Nyingine ni ya mkaguzi msaidizi kwenye ofisi ya ukaguzi iliyopo Masaki, 1,300,000. Deni la bodi ya mikopo bado lipo. Ninakotaka kufika ni ushauri wa kodi: ndiyo kazi ninayoipenda, na wanaoifahamu vizuri wanalipwa vizuri.

Je, kuiacha 500,000 kila mwezi si kujiumiza, kwenye mji ambao kodi ya nyumba unadaiwa ya miezi sita kwa mkupuo? Na nipange wapi?

Daftari_Kuu
Mkuu, kabla ya kulinganisha barua, zishushe zote mpaka kwenye slipu ya mshahara. Hesabu ya Tanzania Bara ni hii.

1,800,000: toa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10%, yaani 180,000. Inabaki 1,620,000, na hiyo ndiyo inayotozwa PAYE, kodi ya mshahara. Ukishavuka 1,000,000, kodi ni 128,000 jumlisha 30% ya kilichozidi, kwa hiyo 128,000 + 186,000 = 314,000. Bodi inakata 15% ya mshahara wa msingi, 270,000. Mkononi 1,036,000.

1,300,000: NSSF 130,000, PAYE 179,000, bodi 195,000. Mkononi 796,000.

1,200,000 yako ya sasa, kwa njia hiyohiyo: 748,000.

Umeona? Ile 500,000 ikifika mfukoni ni 240,000. Kwa mishahara ya kiwango hiki, kila 1,000 inayoongezeka, 100 ni ya NSSF, 270 ya PAYE, 150 ya bodi, wewe unabaki na 480. Mwajiri akisema anakuongeza laki mbili, kwenye bajeti yako andika 96,000.

Kuna jambo watu wanalipita wakati wa kusaini. Bodi inakata kwenye msingi tu, posho haiguswi. Barua ya 1,800,000 ikigawanywa kuwa msingi 1,300,000 na posho ya nyumba 500,000, makato ya bodi yanashuka hadi 195,000 na mkononi unaongeza 75,000. PAYE inabaki ileile, maana posho ya nyumba ya fedha taslimu nayo inatozwa. Hasara yake ni mbili: deni litachelewa kuisha, na malipo ya saa za ziada yanakokotolewa kwenye msingi. Kwa mtu anayeanza maisha Dar mimi ningeuomba mgawanyo huo, na ningeuomba kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kimara_Mwisho
Naongezea upande wa makazi, kwa sababu hapo ndipo mshahara unapoyeyukia.

Chukulia chumba na sebule cha kujitegemea cha 200,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 1,200,000, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, jumla 1,400,000 kabla hujanunua hata godoro. Hiyo ndiyo fedha ya kuwa nayo Morogoro kabla ya kuaga. Ukiikopa, unaanza kazi mpya na marejesho shingoni, na hutakuwa na ubavu wa kukataa chochote ofisini.

Mahali pa kupanga pafuate njia ya ofisi. Kazi ikiwa Posta, tafuta kando ya Barabara ya Morogoro kati ya Ubungo na Kimara: basi la mwendokasi linakufikisha Kivukoni, jirani na Posta, moja kwa moja kwenye njia yake lenyewe. Kazi ikiwa Masaki, mwendokasi wa Kimara unakushusha Morocco, kisha daladala. Kijitonyama na Mwenge ni karibu zaidi ila kodi yake inajua hivyo. Tabata na Segerea ni nafuu, ila kufika Masaki unakata mji mzima na kuunganisha magari, saa mbili kwenda na mbili kurudi si ajabu mvua ikinyesha. Mtu anayesomea CPA saa hizo nne ni za kitabu.

Nyumba ukaione mwenyewe, tena siku ya mvua ikiwezekana. Tazama ukutani kama kuna mstari wa maji yaliyowahi kuingia, hasa maeneo yanayopakana na bonde la Msimbazi. Fungua bomba uonje: kisima cha chumvi hakitoi povu la sabuni, na utanunua maji ya kunywa na ya kupikia mwaka mzima. Uliza luku (mita ya umeme) ni yako au ya kuchangia. Mita ya wapangaji wanne haiwezi kubaki chini ya uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo bei ya matumizi madogo mnaisahau, na ugomvi wa nani ana friji hauishi. Mkataba uandikwe, na fedha ilipwe kwa mwenye nyumba, si kwa dalali.

Pingamizi30
Swali la msingi ni kazi ipi inakufundisha kodi. Kwa lengo ulilotaja, mimi nipo upande wa ofisi ya ukaguzi.

Kwenye kampuni moja utafunga hesabu zilezile kila mwezi: PAYE na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ritani (taarifa ya kodi) ya VAT tarehe 20, makadirio kila robo mwaka. Ni kazi ya heshima, lakini baada ya miaka mitatu unakuwa unaijua biashara moja. Kwenye ukaguzi, ndani ya mwaka unagusa vitabu vya kiwanda, hoteli, shule na kampuni ya usafirishaji.

Chukua mfano wa mambo mteja anayokulipia. Mamlaka ya mapato, TRA, imemtoza mfanyabiashara 90,000,000 kwa sababu fedha zilizoingia benki zimezidi mauzo aliyoripoti. Ana siku 30 za kuweka pingamizi, na lazima alipe theluthi moja, yaani 30,000,000, au kiasi asichokibishia, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Anaweza kumwomba Kamishna apunguze au asamehe malipo hayo, lakini kwa sababu za maandishi. Sasa mshauri anakaa chini: safu ya kwanza ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) za EFD, mashine ya risiti, ya pili ritani za VAT, ya tatu taarifa ya benki, mwezi kwa mwezi. Anakuta mkopo wa mkurugenzi umehesabiwa kama mauzo, uhamisho kati ya akaunti mbili za kampuni umehesabiwa mara mbili, na VAT ya 18% imejumlishwa kwenye mapato. Kila shilingi anayoiondoa lazima iwe na karatasi yake. Wengi wanashindwa kwa sababu mkataba wa mkopo haukuandikwa wakati ule, au siku ya 31 ilifika barua ikiwa bado inasubiri saini.

Ujuzi huo hauupati kwenye dawati la malipo ya wauzaji. Na 240,000 kwa mwezi ni 2,880,000 kwa mwaka. Nionavyo mimi, hiyo si bei mbaya ya kujifunza.

Lakini usisaini bila kuuliza mambo haya: timu inafanya kodi au ukaguzi pekee? Nani atasaini kitabu chako cha uzoefu wa kazi kwa ajili ya usajili NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi? Ruhusa ya mtihani ikoje? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, chukua ya Posta.

Mizania_Moro
Nashukuru sana wakuu, ile hesabu ya slipu imenifungua macho. Mtihani nilipanga Mei. Na kuondoka hapa nifuate utaratibu gani?

Daftari_Kuu
Mei kwenye ofisi ya ukaguzi ni kugongana na msimu. Kampuni zinazofunga mwaka Desemba zinatakiwa kuwasilisha ritani ya mwisho ifikapo Juni 30, kwa hiyo Januari hadi Juni jioni si zako. Lenga Novemba, uanze kusoma Julai.

Kuondoka: anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28. Usiiandike mpaka mkataba mpya umesainiwa na pande zote mbili, barua pekee haitoshi. Namba ya NSSF na TIN vinabaki vilevile. Mpe mwajiri mpya namba zako za bodi wiki ya kwanza, na slipu ya kwanza uikague mstari kwa mstari.

Jambo la mwisho ni miezi sita ya mwanzo. Sheria ya kazi haimpi mfanyakazi asiyetimiza miezi sita kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Kwa hiyo mwombe mwenye nyumba mkataba wa miezi mitatu mitatu hata kama kodi inapanda kidogo. Baadhi wanakubali, hasa nyumba ikiwa imekaa wazi tangu mpangaji aliyepita aondoke.

Kimara_Mwisho
Wanakubali, ila ukaongee na mwenye nyumba uso kwa uso. Dalali atakwambia haiwezekani.