Naomba ushauri: mpaka wa gamba na kiini katika tezi ya adrenali ya panya buku

Ndugu wanachama, salaam. Ninachunguza kwa hadubini tezi ya adrenali (tezi iliyo juu ya figo) ya panya buku, iliyohifadhiwa katika formalini ya asilimia 10, ikakatwa vipande vya mikromita 5 na kutiwa rangi za hematoksilini na eosini. Tezi hii ina gamba, yaani sehemu ya nje yenye matabaka matatu, na kiini, yaani sehemu ya katikati ya tezi (si kiini cha seli). Tabaka la nje la gamba linaonekana vizuri, na la kati, ambalo seli zake zina matundu kwa sababu zailini, kiyeyushi kinachotumika kuandaa vipande, imeyeyusha mafuta (hilo nililitarajia), halina utata. Lakini la ndani sioni linapoishia na kiini kinapoanzia. Nimekata vipande vipya na kurefusha muda wa eosini, bila mafanikio. Je, ni rangi gani itakayotenganisha seli za kiini? Na je, nilipaswa kutumia dikromati ya potasiamu (kemikali inayozipa seli za kiini rangi ya kahawia) tangu tezi ilipokuwa mbichi?