Kumi na nne kwa moja, halafu aliyefungwa ndiye anaondoka na kombe?!

Mpangaji wa Uani: Wakuu, salamu baadaye. Rimoti nimeirusha, sijui imeangukia wapi. Mliuona ule mkono jana?

Tarehe 18 Septemba 2025, kikao cha 10,000 cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Siku ya kukata keki kabisa. Wale wanachama kumi wasio wa kudumu wanaleta azimio: vita Gaza visimame, mateka waachiwe, chakula kiingie. Wanaokubali? Mikono 14 juu, mpaka Mwingereza kanyoosha! Wanaopinga? Ukainuka ule mkono wa Marekani. Mmoja. Taratibu, kama mtu anaagiza chapati ya pili. Basi, yeye ni mwanachama wa kudumu, ana kura ya turufu, azimio limekufa, watu wanakusanya makaratasi.

14 kwa 1! Hata mpira wa mchangani ukipigwa 14 kocha anahama mtaa. Huyu kapigwa 14 kabeba kombe, mpira, na refa kamtia mfukoni. Na ni mara ya sita kwenye hiihii Gaza tangu Oktoba 2023. Mara ya sita, mkono uleule! Bega lile linapakwa mafuta gani?

Halafu huyuhuyu kila mwaka anatoa ripoti ya haki za binadamu za nchi zetu, kama mwalimu wa zamu. Juni 2025 kawapiga vikwazo majaji wanne wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, mmoja mama yetu wa Uganda, kwa kugusa kesi zinazomhusu yeye na rafiki yake Israeli. Na tangu 2002 ana sheria inayomruhusu rais wake kutumia kila njia kumtoa askari wake akishikwa kule. Wewe ukipata wito wa mahakama unatafuta nauli, yeye anatafuta ramani ya jengo.

Ila hayo yote ningemeza. Ule mkono, jamani. Sura kavu! Nimeangalia marudio mara nane.

Kobe Mzee: Punguza povu mkuu. Kesho tutakuona kwenye foleni ya viza kwake.

Mpangaji wa Uani: Sijawahi kuomba viza kwake! (Mara mbili tu, akaninyima.)

Kobe Mzee: Ahaa. Kumbe.

Binti Pwani: Mleta mada una mkono mmoja tu wa kulilia? Yule wa kwenye barafu, Mrusi, Februari 2022 kaingia Ukraini, na mwezi huo mwenyekiti wa Baraza ni yeye. Anaongoza kikao cha kujilaani, anauliza nani anapinga, anainua mkono mwenyewe, anatangaza matokeo. Kesi ya nyani hakimu ngedere ni hadithi, ile ilikuwa nyani, hakimu na karani mtu mmoja.

Mzee wa Magazeti: Watoto nyie. 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya nchi kushtaki nchi, ilimwambia huyo wenu awalipe Nikaragua fidia, maana alikuwa amewatega mabomu mpaka bandarini. Wakalipeleka Baraza la Usalama. Nadhani mnajua kilichoinuka. 1991 Nikaragua wenyewe wakaondoa dai.

Mpangaji wa Uani: MKONO! Si ndiyo nasema!

Mwana Goma: Sisi huku Kongo tuliwashinda Uganda kwenye mahakama ileile. 2022 wakaamriwa dola milioni 325, na mwaka uleule wakalipa 65 za kwanza. Mdogo analipa kwa awamu kama kochi.

Mkenya Halisi: Sisi tulipeleka watuhumiwa sita The Hague, kwenye ile ya jinai, sita wote wakarudi nyumbani. Tulizeni boli.

Fundi Chuma: Turufu mnaiona New York tu? Baba mwenye nyumba wangu anayo. Wapangaji saba tumekubaliana pampu iwashwe alfajiri, yeye kasema saa sita usiku. Saba kwa moja! Jana nimeoga nikiwa nimelala.

Binti Pwani: Wako ana pampu? Wangu ana ndoo na ratiba ukutani.

Kobe Mzee: Wangu kaweka kufuli kwenye bomba. Funguo anavaa shingoni.

Dalali Mwaminifu: Ninayo pampu iliyotumika, inapandisha maji ghorofa ya tatu bila kelele.

Mpangaji wa Uani: Jamani, uzi wangu. Ule mkono…

Fundi Chuma: Mkuu sogea kidogo. Dalali, bei gani, na mwisho wake?