Eti "hamia nyumba ya kupanga"! Yule wa dirishani leo kanivuruga

Wakuu, nimetoka ofisini sasa hivi kulalamikia kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mikono bado inatetemeka. Mnamjua: yule wa dirisha la mwisho, kijiti cha meno mdomoni kutwa nzima. Simtaji.

Nyumba yangu ni moja, ya chini, bati. Ukuta wa mbele nimetoboa fremu ya saluni, ina mita yake. Sasa kodi ya majengo inakatwa mita zote mbili! 1,500 kwa mwezi huku, 1,500 kule. Nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, mimi nakamuliwa 36,000. Ilipoingizwa kwenye LUKU 2021 ilikuwa 1,000 kwa mwezi, nikanyamaza. 2023 ikapanda, nikanyamaza. Leo nimepeleka meseji ya LUKU nimwoneshe: umeme wa 5,000, kodi imekatwa, VAT, tozo ya REA ya umeme vijijini, ya EWURA wadhibiti wa nishati, nimebaki na yuniti 9.8. Tisa pointi nane! Hata mbu hawezi kuonea njia.

Hakuisoma. Kahamisha kijiti upande wa pili wa mdomo: "Mama, kama kodi inakushinda, hamia nyumba ya kupanga." Foleni nzima ikacheka!

Mimi! Niliyebeba tofali za msingi kwa kichwa! Nihamie kupanga! Na kile kijiti hakikutoka mdomoni, wakuu. Nihamie kupanga!

Fundi Saketi: Pole mama. Ila fremu unakula kodi ya pango, 1,500 inakuliza?

Mwenye uzi: @Fundi Saketi soma vizuri. Jengo moja, mita mbili, kodi moja. Hata ningekuwa na fremu kumi, asingeniambia nihamie kupanga.

Mpangaji Sugu: Huko kupanga kwenyewe unadhani nani analipa? LUKU nanunua mimi, kodi ya jengo lake inakatwa kwangu. Nikimwambia baba mwenye nyumba tufidiane kwenye pango, anasema vyumba vinatafutwa.

Bibi Ghorofa: Afadhali nyie. Ghorofa tunakatwa 7,500 kwa mwezi kila sakafu.

Mpangaji Sugu: @Bibi Ghorofa mwenye ghorofa naye analia? Mods futeni hii.

Kijana wa Goba: Kwetu mwezi usiponunua umeme unajidai mjanja, ukinunua unakuta deni limekusubiri.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwa yule wa dirishani.

Dumu la Njano: Umeme mnao mnapiga kelele. Sisi bomba linatoa upepo wiki nzima na mita inazunguka. Bili inakuja ya upepo!

Kijana wa Goba: @Dumu la Njano hiyo ya upepo hata kwetu ipo!! Fungulia uzi wake.

Bibi Ghorofa: Na hela ya taka je? Gari lenyewe lilipita lini?

Dumu la Njano: Taka wanazipitia siku mvua ikinyesha, ziende zenyewe mtaroni.

Fundi Saketi: Anayetaka kutenganishiwa saketi na mpangaji aje PM.