Nimehamishwa kutoka Microlut kwenda Microgynon, naomba ushauri kabla sijaanza kumeza

Mama Nyamizi

Habari za humu ndani wapendwa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 33, naishi Kahama. Mdogo ana miezi saba, bado ananyonya ila uji ameshauanza. Tangu alipofikisha wiki sita nameza vidonge vya majira, Microlut, niliyopewa kliniki. Juzi nimempeleka mtoto kupima uzito, nesi akaniambia sasa naweza kuhamia Microgynon, akanipa pakiti tatu. Foleni ilikuwa ndefu na watoto wanalia kila upande, sikuambulia maelezo zaidi ya "kimoja kila siku, usisahau."

Naombeni mnisaidie haya:

Nauza vitenge. Karibu kila mwezi napanda basi la usiku kwenda Kariakoo kufuata mzigo, na safarini saa ya kumeza inavurugika kabisa. Kwa hivi vipya, nikichelewa inakuwaje?

Pakiti ina vidonge 28 na saba vya mwisho vina rangi ya kahawia. Jirani kaniambia hivyo havina kazi, nitupe. Ni kweli?

Maziwa hayatakata? Na mama mkwe anasema vidonge vya majira havitoki tumboni, vinajikusanya mpaka vinakuwa donge na kizazi kinaziba. Simwamini sana lakini ananitia hofu.

Kingine kidogo tu. Huwa naumwa kichwa cha upande mmoja, si mara nyingi. Kabla hakijaanza naona vimulimuli na mistari kama radi kwenye macho kwa muda, vikiisha ndipo kichwa kinapasuka. Nameza Panadol nalala gizani. Nimesikia vidonge hivi vinaumiza kichwa, je, vitaniongezea?

Mume anajua na ameridhia, hivyo mjadala wa huko tusiuanze. Sindano sitaki. Nilipoiacha mara ya kwanza nilikaa muda mrefu sana ndipo nikashika mimba. Nawasilisha.

Kisiki Kikavu

Dada hayo madawa yanawanenepesha na hamu inakwisha, baadaye mnalalamika wanaume hawatulii. Kalenda ipo na haina gharama. Mhesabu siku za hatari basi.

Shangazi wa Buguruni

Kisiki, mama ananyonyesha na hedhi haijakaa sawa, hizo siku za hatari ataanzia kuhesabu wapi? Yai linaweza kutoka kabla hata hajaona damu ya kwanza baada ya uzazi. Mabinti wangapi mtaani kwetu wamebeba mimba "bila kuona siku zao." Mwache mwenzio aulize alichouliza.

Binti Pangani

Mama Nyamizi, mimi nimetumia Microgynon miaka kadhaa kabla ya kuzaa na nimeirudia baada ya kuzaa. Mwanzoni nilikuwa nasikia kichefuchefu asubuhi, nikahamishia baada ya chakula cha usiku, kikaisha. Pia miezi ya mwanzo unaweza kuona matone ya damu katikati ya pakiti. Usiogope na usiache kumeza, kwa kawaida inatulia ndani ya miezi mitatu hivi.

Kuhusu uzito, mwili wangu ulikuwa uleule. Tafiti nazo hazijaonyesha kwamba vidonge hivi vinaongeza kilo za maana. Hamu ya tendo inatofautiana, wapo wanaopungukiwa na wapo wanaofurahi zaidi kwa kuwa hofu ya mimba imeondoka.

Na kizazi hakizibi. Nilipoacha nilishika mimba upesi kuliko tulivyopanga. Inayochelewesha ni sindano kama ilivyokutokea wewe, kwa sababu dawa yake inakaa mwilini miezi mingi. Kidonge kinayeyuka, kinafanya kazi yake na kinatoka, ndiyo maana unalazimika kumeza kila siku. Kama kingekuwa kinajikusanya, tungemeza kimoja tukapumzika mwaka mzima!

Mtu wa Maabara

Kidogo kuhusu tofauti ya hizo pakiti mbili, maana watu wanazichanganya.

Microlut ina homoni moja tu, levonorgestreli, na kwa dozi ndogo sana, mikrogramu 30. Kazi yake kubwa ni kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu zisipite, na athari hiyo inapungua upesi. Ndiyo maana ukichelewa zaidi ya saa tatu unahesabiwa umeruka.

Microgynon ndiyo kidonge cha mchanganyiko: levonorgestreli mikrogramu 150 pamoja na ethinilestradioli mikrogramu 30, ambayo ni aina ya estrojeni. Hizi mbili kwa pamoja zinalizuia yai lisikomae wala kutoka. Kwa hiyo kwa mtu wa safari kama wewe, mchanganyiko una uvumilivu zaidi. Ulizoea saa mbili usiku, ukakumbuka asubuhi ukiwa Dodoma, meza hapohapo na kile cha jioni meza kwa saa yake. Hakuna kilichoharibika.

Vya kahawia havina homoni, hapo jirani kapatia. Ila usivitupe. Ndani yake kuna madini ya chuma, na mama anayenyonyesha anayahitaji. Faida nyingine ni kwamba vinakushikilia kwenye mazoea ya kumeza kila siku, ukimaliza cha 28 unafungua pakiti mpya kesho yake bila kuhesabu. Damu inatoka ukiwa kwenye hivyo vya kahawia.

Jeuri ya Msimbazi

Mnamzungusha dada wa watu. P2 zipo kila duka la dawa, mkikutana na mzee unameza, mkikaa mwezi hujameza kitu. Shida yote ya nini?

Mtu wa Maabara

Jeuri, P2 dozi yake kamili ni miligramu 1.5 za levonorgestreli. Piga hesabu na Microgynon niliyoitaja hapo juu: ni sawa na kumeza vidonge kumi kwa mkupuo. Imetengenezwa kwa dharura, kondomu imepasuka au mtu kabakwa, na inamezwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Haiui mtu, lakini ukiifanya ndiyo mpango wako wa kila wiki hedhi inavurugika na kinga yake ni dhaifu kuliko kidonge cha kila siku.

Nesi wa Zamu

Nimetoka kazini sasa hivi nikakuta uzi huu. Mama Nyamizi, hizo pakiti usizifungue kwanza. Endelea na Microlut yako mpaka uonane na mhudumu.

Wote mmejibu vizuri kuhusu saa, rangi na mama mkwe, lakini swali kubwa ameliita "kingine kidogo tu" na limepitwa. Kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na vimulimuli na mistari machoni ni kipandauso chenye dalili za awali. Mtu mwenye kipandauso cha aina hiyo hapewi kidonge cha mchanganyiko, awe na umri wowote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamweka daraja la nne, maana yake njia hiyo isitumike kwake. Sababu ni estrojeni. Inaongeza uwezekano wa damu kuganda, na kipandauso cha namna hiyo chenyewe tayari kinaongeza hatari ya kiharusi. Viwili hivyo havikutanishwi.

Hii haina maana kwamba Microgynon ni sumu. Katika wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio na mimba, wawili hivi hupata damu kuganda kwenye mishipa kwa mwaka. Kwa wanaotumia vidonge vya aina hii ni watano hadi saba. Ujauzito wenyewe, na hasa wiki za mwanzo baada ya kujifungua, una hatari kubwa kuliko hiyo. Wanawake wengi wanaviweza vizuri kabisa. Kuna wachache tu hawatakiwi kuvigusa, na kazi yetu ni kuwauliza kabla ya kuwapa.

Je, ulipimwa presha? Ikiwa 140/90 au zaidi, mchanganyiko kwa kawaida hautolewi. Wengine ambao hawafai: aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mvutaji wa sigara mwenye miaka 35 na kuendelea, na anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita. Wewe hilo la mwisho umeshavuka, kwa hiyo kuhusu maziwa nesi wako alikuwa sahihi. Yanaweza kupungua kidogo kwa baadhi ya akina mama, ila mtoto hadhuriki.

Na kwa mnaotumia tayari: mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikabana ukakosa pumzi, kichwa kikali usichokizoea, macho kupoteza nuru ghafla au kuwa ya njano, acha kumeza na nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi wa Buguruni

Umeona sasa. Na Panadol zote hizo alizomeza hakuna aliyemuuliza kinachomsibu.

Mama Nyamizi

Nesi, asante sana. Nimetetemeka kidogo. Presha sikupimwa, nilipimiwa mtoto tu. Sikujua kama kichwa ni habari ya kumwambia mtu wa uzazi wa mpango.

Binti Pangani

Nesi, nami nisaidie. Humu nimesoma mtu akisema ukiruka vidonge viwili vya homoni utumie kondomu, mwingine akasema ni mpaka vitatu. Nimfuate nani?

Nesi wa Zamu

Miongozo yenyewe inatofautiana, ndiyo chanzo cha kuchanganyikiwa. Mimi wateja wangu nawaambia viwili, kwa sababu ni rahisi kukumbuka na ni salama zaidi. Ukiruka kimoja, kimeze unapokumbuka, endelea, basi, hata kama siku hiyo utameza viwili. Vikifika viwili mfululizo au zaidi, meza cha mwisho ulichokiruka, vingine viache, endelea kila siku na tumia kondomu mpaka umeze vya homoni siku saba mfululizo.

Muhimu zaidi ni wiki gani umeruka. Ukiruka wiki ya kwanza na mlishakutana bila kondomu, hapo ndipo P2 ya Jeuri ina kazi. Ukiruka wiki ya tatu, maliza vya homoni, vya kahawia viache, anza pakiti mpya moja kwa moja. Watu wengi wanadhani katikati ya pakiti ndiyo hatari. Hatari kubwa ni kurefusha zile siku saba zisizo na homoni, yaani kuchelewa kuanza pakiti mpya. Wanaomeza bila kukosea, chini ya mmoja kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Kwa maisha yetu ya kawaida ya kusahausahau, wanafika saba hivi.

Na ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, ndani ya saa mbili tatu, meza kingine.

Kisiki Kikavu

Nakubali nimejifunza. Ila ukimwi vinazuia?

Nesi wa Zamu

Havizuii. Ukimwi, kisonono, kaswende, vyote hivyo ni kondomu.

Mama Nyamizi

MREJESHO. Nimerudi kliniki, safari hii nimeenda mchana foleni imeisha. Nimepimwa presha, iko sawa. Nilipoeleza ya vimulimuli yule nesi alinyamaza, akafungua kitabu, akamwita daktari. Microgynon nimerudisha. Daktari amenieleza kwamba ya homoni moja naweza kuendelea nayo kwa kuangaliwa, vimulimuli vikiongezeka nirudi haraka. Lakini kwa sababu ya safari zangu na zile saa tatu, ameona bora kitanzi cha shaba, hakina homoni kabisa na kinakaa miaka kumi. Kaniambia pia hedhi inaweza kuwa nzito na ya kuuma miezi ya mwanzo. Nimepangiwa wiki ijayo, na hakuna hela niliyoombwa. Kichwa nacho nimeandikiwa dawa yake.

Mama mkwe sasa ameanza kusema kitanzi kinapanda mpaka kifuani.

Shangazi wa Buguruni

Mwambie kizazi hakina mlango wa kwenda kifuani. Halafu mpe mjukuu ambebe.

Fundi Kabati

Samahani kwa kudandia uzi. Mke wangu anameza hizo Microgynon, na wiki iliyopita ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Kuna tatizo?

Nesi wa Zamu

Fundi, lipo. Katika dawa za TB kuna rifampisini, inalifanya ini liivunje homoni haraka mno, kidonge kinabaki jina tu. Baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini zinafanya vivyo hivyo. Amoksilini na antibayotiki nyingine za kawaida hazina shida hiyo. Dawa za TB asiache hata siku moja. Anzeni kondomu leo, mweleze mhudumu wa TB, atawaelekeza kliniki ya uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriwi na rifampisini. Hata akimaliza dozi ya TB, asirudi kutegemea vidonge mpaka zipite wiki nne.

Fundi Kabati

Sawa nesi. Jumatatu ana tarehe ya kuchukua dawa, nitamsindikiza na pakiti yake ya vidonge niwaonyeshe.