Kiwiko cha tenisi: nichome steroidi, PRP, au nisichome kabisa?

Bisibisi77:
Wakuu, heshima mbele. Kiwiko cha kulia kinauma upande wa nje, mwezi wa nne sasa. Kukamua kitambaa, kufungua kifuniko kilichokaza, kunyanyua sufuria kiganja kikiangalia chini, vyote vinauma. Nikilala hakinisumbui. Kazi yangu ni ya bisibisi na nyundo kutwa nzima. Daktari amesema ni kiwiko cha tenisi, akanipa njia mbili: sindano ya steroidi wiki ijayo, au PRP (sindano ya plazma inayotengenezwa kwa damu yangu mwenyewe) ambayo ni ghali zaidi. Nina kisukari cha vidonge. Ipi inasaidia kweli, inachomwaje, na ina madhara gani? Naomba kuwasilisha.

Kano_na_Mfupa:
Pole mkuu. Anza na kinachouma, sindano baadaye. Pale nje ya kiwiko kuna kinundu cha mfupa, na kano inayoumia karibu kila mara ni ya msuli mfupi unaoinua kifundo cha mkono kwenda nyuma. Watu wengi hudhani kano hiyo "imevimba". Mwaka 1979 madaktari wa upasuaji Nirschl na Pettrone walieleza walichokikuta kwenye vipande vya kano vilivyokatwa: nyuzi zilizovurugika na vimishipa vipya vya damu, si uvimbe wa kawaida. Yaani kano imechakaa na imeshindwa kujikarabati vizuri.

Steroidi kazi yake ni kuzima uvimbe, na pia inapunguza utengenezaji wa nyuzi mpya za kano. Hapo ndipo matokeo yake yanapoeleweka. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2002, watu 185: wiki ya 6, waliochomwa steroidi walikuwa na mafanikio ya asilimia 92, waliosubiri tu asilimia 32. Ukiishia hapo utakimbilia sindano. Lakini wiki ya 52 steroidi ilishuka hadi asilimia 69, waliosubiri wakafika 83, waliofanya fiziotherapia 91. Utafiti mwingine wa Australia, 2013, watu 165, ulilinganisha steroidi na sindano ya maji ya chumvi. Maumivu yalirudi kwa asilimia 54 ya waliopewa steroidi, na asilimia 12 tu ya waliopewa maji ya chumvi. Kwa hiyo steroidi inakukopesha wiki chache, halafu inadai.

Mshika_Sindano:
Naongezea upande wa uchomaji, maana sindano ikikosewa madhara yake yanaonekana kwa macho.

Mgonjwa anakaa au analala, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, kiganja kinaangalia chini. Anayechoma anatafuta kwa kidole mahali panapouma zaidi, mara nyingi mbele kidogo na chini kidogo ya ncha ya kinundu. Ngozi inapakwa klorheksidini au ayodini na INAACHWA IKAUKE. Sindano nyembamba ya geji 25 inatosha. Mchanganyiko wa kawaida ni triamkinoloni miligramu 10 hadi 20 pamoja na ganzi ya lignokaini asilimia 1, mililita 1 au zaidi kidogo. Sindano inaingia mpaka iguse mfupa, inarudishwa kidogo, kisha dawa inasambazwa kidogo kidogo kwa kugeuza uelekeo bila kuitoa nje ya ngozi. Bomba likigoma kusukumika, ncha iko katikati ya nyuzi za kano. Usilazimishe, rudisha kidogo.

Yanayoharibika:

- Dawa ikiachwa juu, karibu na ngozi, mafuta yaliyo chini yake yanayeyuka na rangi inapauka. Linabaki bonde jeupe juu ya kinundu. Linaanza kujitokeza wiki au miezi baadaye na linaweza kukaa mwaka au zaidi. Kwenye ngozi nyeusi linaonekana sana, na daktari anapaswa kulisema kabla ya kuchoma. Triamkinoloni ni mbaya zaidi kwa hili kuliko haidrokotisoni kwa sababu inayeyuka polepole.
- Maumivu kupanda ndani ya siku 1 hadi 2 ni kitu cha kawaida. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, inatosha. Lakini wekundu unaotanuka, joto, homa au usaha ni maambukizi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Kurudia sindano mara kwa mara kunadhoofisha kano, na hata ligamenti ya pembeni inayoshikilia kiwiko. Mtu anakuja na maumivu, anaondoka na kiwiko kinachocheza.
- Wewe una kisukari: sukari itapanda kwa siku kadhaa, pengine hadi wiki. Ukichoma, pima mara nyingi kuliko kawaida, na kubaliana na daktari mapema utafanya nini ikizidi.

Tabibu_wa_Jioni:
Niwatetee kidogo wanaochoma. Mtu ambaye maumivu yanamnyima usingizi, hawezi hata kushika kikombe na ameshindwa kuanza mazoezi, sindano MOJA inaweza kumfungulia mlango. Kosa ni kumpa sindano bila mpango, akapata nafuu siku ya 5, akarudi kwenye nyundo siku ya 6. Bisibisi77 analala vizuri, kwa hiyo sioni haraka yoyote.

Ila swali kabla ya yote: maumivu yako juu ya kinundu chenyewe, au vidole vitatu vinne chini yake kwenye nyama ya mkono? Vidole vinakufa ganzi? Ukigeuza shingo maumivu yanabadilika?

Bisibisi77:
Juu ya kinundu kabisa. Hakuna ganzi, shingo haina shida. Nikinyoosha kidole cha kati huku mtu anakikandamiza, panauma pale pale.

Tabibu_wa_Jioni:
Basi inalingana na alichosema daktari. Maumivu yakiwa chini zaidi kwenye nyama, tunashuku mshipa wa fahamu uliobanwa, na ganzi ya vidole inaturudisha shingoni. Huko sindano ya kinunduni haifiki.

Plazma_Safi:
Kuhusu PRP. Inatolewa damu yako, mililita 10 hadi 60 kutegemea kifaa, inachanganywa na dawa ya sitrati isigande, inazungushwa kwenye mashine dakika 5 hadi 15. Chembe nyekundu zinashuka chini, na plazma (maji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu, inavutwa juu, mililita 2 hadi 5 hivi. Hiyo ndiyo inachomwa kwenye kano kwa kudungadunga, vizuri zaidi kwa kuongozwa na ultrasaundi.

Mambo ambayo kliniki nyingi haziyatilii mkazo: acha ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake kama wiki moja kabla na wiki 2 au zaidi baada, kwa sababu zinazuia kazi ya chembe sahani zile zile unazozilipia. Aspirini ya moyo USIIACHE bila ruhusa ya daktari wako. Parasetamoli haina tatizo. PRP haichanganywi na steroidi. Na inauma: siku 2 hadi 7 za mwanzo kiwiko kinaweza kuwa kibaya kuliko kabla.

Sasa ukweli mchungu. Tafiti za PRP dhidi ya steroidi ziliipa PRP sifa kubwa, lakini kumbuka kuwa steroidi ni mpinzani anayeporomoka mwenyewe baada ya miezi michache. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2021 yalikusanya tafiti 32 za PRP na za damu ya mgonjwa mwenyewe. Dhidi ya sindano ya kuigiza isiyo na dawa, hayakuona faida ya maana. Kama ni ghali kwako, mimi nisingekushauri uanze nayo.

Mshika_Sindano:
Kuna pia sindano ya botulinumu, sumu inayolegeza misuli, nayo isitajwe bila onyo. Inalegeza misuli ya kunyoosha vidole, hasa cha kati, kwa wiki nyingi. Kwa mtu wa bisibisi hiyo ni hasara.

Mzigo_Polepole:
Wengi wanaandika "fanya mazoezi" bila vipimo, kwa hiyo haya hapa.

Wiki 2 za kwanza: mkono juu ya meza, kiganja kinaangalia chini na kimetokeza nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kifundo kidogo, kaa hapo sekunde 30 hadi 45 bila kutikisika, pumzika dakika 1, rudia mara 4 au 5. Kila siku.

Kisha: mkono wa pili unainua uzito, mkono mgonjwa unaushusha peke yake kwa kuhesabu hadi 4. Mara 15, seti 3, siku moja ndiyo moja hapana. Ongeza nusu kilo pale tu maumivu yanapobaki chini ya 3 kwa 10. Anza kiwiko kikiwa kimekunjwa, baadaye kikiwa kimenyooka, maana kikinyooka kano inavutwa zaidi. Hesabu wiki 12.

Kipimo chako ni kesho yake asubuhi: maumivu yakiwa yamezidi ya jana, punguza uzito, usiache. Kuacha kabisa kunaidhoofisha kano zaidi.

Kazini, bisibisi iwe na mpini mnene, na nyanyua vitu kiganja kikiangalia juu.

Bisibisi77:
Asanteni sana. Nitamwambia daktari nasubiri wiki 12 kwanza. Mkanda wa kiwiko unasaidia? Na nisipopata nafuu?

Mzigo_Polepole:
Unasaidia wakati wa kazi, ukivaliwa mahali sahihi: vidole viwili CHINI ya kinundu, juu ya nyama, usiwe juu ya mfupa unaouma. Ukaze hadi ukikunja ngumi uhisi msuli umebanwa, vidole visife ganzi. Vua ukilala.

Kano_na_Mfupa:
Ikifika wiki ya 12 bila badiliko lolote, rudi ufanyiwe ultrasaundi ionekane kama kano imechanika na kwa kiasi gani. Upasuaji kwa kawaida hauzungumzwi kabla ya miezi 6 hadi 12 ya matibabu kamili. Ukichoma steroidi kabla ya hapo, andika tarehe, dawa na kipimo chake, maana daktari wa pili atakuuliza hayo.